Jinsi ya Kuokoa Faili Zako Kutoka Kwenye Kompyuta Iliyoingiwa na Virusi: Mwongozo Kamili

Kazi hii huwashinda wengi, na karibu wote hukwama pale pale: wanaanza kwa kusafisha. Wanaweka antivirusi ya kwanza wanayoikuta, inafuta hiki na kile, Windows inagoma kuwaka, wanafomati kwa hasira, na picha za miaka kumi zinakwenda. Wengine huchomeka diski ya nje kwenye kompyuta hiyo hiyo ikiwa imewaka, wanakili kila kitu, na kirusi kinahamia kwenye diski pamoja na faili.

Utaratibu wa mwongozo huu ni kinyume chake. Toa faili kwanza, safisha baadaye. Na wakati wa kuzitoa, Windows iliyoambukizwa isiwe imewaka kabisa. Kirusi ni programu, na programu haifanyi lolote mpaka iendeshwe. Windows ikiwa imezimwa, kirusi kimelala diskini kama faili nyingine yoyote. Kwa hiyo tutaiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine, Linux, moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote.

Huhitaji kuijua Linux. Mwongozo unahusu kompyuta za Windows za nyumbani. Soma wote mara moja kabla hujagusa kitu.

## Vitu vya kuandaa

Kompyuta nyingine iliyo safi. Ya kuazima inatosha. Utaihitaji mwanzoni kutengeneza flashi, na mwishoni kukagua faili.

Flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo kihamishe kwanza.

Diski ya nje yenye nafasi ya kubeba faili zako zote. Iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, ambazo ni namna za kupanga faili diskini. Ikiwa ni FAT32, itakataa faili yoyote inayofika GB 4, na video ndefu zitaishia njiani. Usitumie diski ambayo ndiyo yenye bekapu yako ya pekee.

Faili ya ISO, yaani faili moja iliyobeba mfumo mzima, ya Linux Mint, toleo la Cinnamon. Ina ukubwa wa karibu GB 3. Ubuntu nayo inafaa, ila Mint haimchanganyi sana mtu aliyezoea Windows, ndiyo maana nimeichagua.

Programu ya Rufus. Ni ya bure. Kazi yake ni kuiandika ISO kwenye flashi.

Ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski nzima) wenye tarakimu 48, ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker. Hatua ya 2 inaeleza namna ya kuupata.

Chaja na muda wa kutosha. Kunakili mamia ya GB huchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati utaanza kukisia kipi kimenakiliwa na kipi bado.

## Hatua ya 1: Kata intaneti, kisha zima

Chomoa waya wa mtandao au zima ruta. Chomoa flashi na diski zote za nje. Kama una OneDrive, Google Drive au Dropbox kwenye kompyuta hiyo, kukata intaneti kunazuia faili zilizoharibiwa zisipande juu na kuchukua nafasi ya nzima.

Sasa zima, na namna ya kuzima inategemea unachokiona.

Ikiwa majina ya faili yanabadilika mbele ya macho yako, au umeona tangazo la kudai pesa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka kompyuta izimike. Kila sekunde inayopita kuna faili zaidi zinazofungwa.

Ikiwa hakuna dharura hiyo, shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi huku ukibofya Shut down. Windows za sasa hazijizimi kikamilifu kwa kawaida. Huhifadhi sehemu ya hali yao diskini ili ziwake haraka kesho yake, na diski iliyoachwa hivyo huisumbua Linux. Shift inalazimisha kuzima kwa kweli.

Umefaulu ikiwa: kompyuta imezimika, na hakuna kilichochomekwa isipokuwa chaja, kibodi na kipanya. Usiiwashe tena kwa Windows, hata kwa dakika moja ya kuangalia kitu.

## Hatua ya 2: Kwenye kifaa safi, tafuta ufunguo na ubadilishe nywila

Watu huiruka hatua hii kwa kuwa wanawaza picha tu. Tafadhali usiiruke.

Kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11 hufungwa kwa BitLocker zenyewe mara mwenye nayo anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wala hajui. Tumia simu au kompyuta safi, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, fungua ukurasa wa vifaa, na utafute ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker. Uandike kwenye karatasi tarakimu kwa tarakimu. Pasipo ufunguo huo, diski iliyofungwa haisomeki kwa Linux wala kwa chombo kingine chochote. Ikiwa hakuna ufunguo kwenye akaunti, huenda diski yako haijafungwa. Utajua kwenye hatua ya 5.

Ukiwa hapo hapo, badilisha nywila. Anza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila nyingine zote. Fuata benki na pesa, kisha mitandao ya kijamii. Virusi vingi vya siku hizi havina haja ya kuharibu chochote. Vinachota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, zile faili ndogo zinazokufanya uwe umeingia tayari kila unapofungua ukurasa. Mwizi mwenye kidakuzi hai anaweza kuingia bila nywila. Kwa hiyo baada ya kubadilisha, tafuta kwenye kila akaunti mahali pa kuondoka kwenye vifaa vyote, na ubofye.

Kagua pia hifadhi za mtandaoni. Google Drive na Dropbox hutunza matoleo ya zamani ya faili, kwa kawaida kwa siku 30. Faili iliyoharibiwa jana inaweza kuwa na toleo zima la juzi linalokusubiri. Muda huo unahesabika, kwa hiyo angalia leo.

Umefaulu ikiwa: una ufunguo kwenye karatasi au una hakika haupo, na akaunti zako kubwa zina nywila mpya ambazo hazijawahi kuandikwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa.

## Hatua ya 3: Tengeneza flashi ya kuwashia

Kwenye kompyuta safi, pakua ISO kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint, na Rufus kutoka tovuti yake rasmi.

Kabla ya kuendelea, hakiki ISO. Mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakaelekeza watu kupakua ISO iliyotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda yenye ISO, uandike amri hii ukiweka jina halisi la faili yako:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Utapata mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Mint. Ukitofautiana hata herufi moja, futa upakue upya.

Chomeka flashi, fungua Rufus. Kwenye Device chagua flashi yako, bofya SELECT uchague ISO, kisha START. Ikikuuliza namna ya kuandika, kubali ile iliyopendekezwa.

Onyo: Rufus hufuta kila kilichomo kwenye kifaa ulichochagua. Chomoa flashi na diski nyingine zote kwanza, ili jina lionekane moja tu na usiwe na la kukosea.

Umefaulu ikiwa: Rufus inaandika READY, na ukifungua flashi unaona folda kama casper na EFI.

## Hatua ya 4: Washa kompyuta iliyoambukizwa kwa flashi

Chomeka flashi kwenye kompyuta iliyoambukizwa. Diski ya nje bado ikae pembeni.

Bonyeza kitufe cha kuwashia, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu ya kuwashia, mara nyingi mfululizo. Kwa Dell, Lenovo na Acer nyingi ni F12. Kwa HP ni Esc au F9. Laptopu za Asus hutumia Esc, na MSI hutumia F11. Menyu ikitokea, chagua mstari wenye jina la flashi, hasa ule ulioanza na UEFI.

Onyo: ukiona alama ya Windows inaanza kuzunguka, umechelewa. Shikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime, ujaribu tena. Usiiache iwake.

Kompyuta ikiikataa flashi kwa kusema si salama, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta, inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka), zima Secure Boot kwa muda, na uiwashe tena kazi ikiisha. Kama diski ina BitLocker, mabadiliko hayo yanaweza kuifanya Windows idai ufunguo baadaye. Sababu nyingine ya kuwa nao mkononi.

Kwenye menyu ya Mint chagua Start Linux Mint na usubiri. Ukifika kwenye uwanja wa kazi utaona alama ya Install Linux Mint. Usiibofye. Hiyo ni ya kusakinisha, na ukikubali maswali yake ovyo itafuta diski yote, pamoja na faili unazozitafuta.

Usiunganishe intaneti. Kazi hii haiihitaji.

Umefaulu ikiwa: unaona uwanja wa Mint, kipanya kinatembea, na hujaombwa nywila yoyote.

## Hatua ya 5: Fungua diski ya Windows kwa kusoma tu

Ungeweza kubofya diski kwenye kidirisha cha faili ikafunguka. Mimi nakusihi ufanye kwa Terminali, dirisha la Linux la kuandikia amri, ni mistari michache tu, kwa sababu inakuwezesha kuifungua kwa kusoma peke yake. Ikifunguliwa hivyo, hata ukibonyeza kitufe cha kufuta kwa bahati mbaya hakuna kitakachofutika. Mtu mwenye wasiwasi na aliyechoka huhitaji kinga ya namna hiyo.

Fungua Terminali, uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL

Utaona orodha ya sehemu za diski. Tafuta mstari wenye neno ntfs na ukubwa mkubwa kuliko mingine, kwa mfano sda3 au nvme0n1p3. Hiyo ndiyo C: yako. Kisha, ukiweka jina ulilolikuta wewe:

sudo mkdir /mnt/windows
sudo mount -t ntfs-3g -o ro /dev/sda3 /mnt/windows

Zile herufi ro ndizo zinazoagiza kusoma tu.

Ukiona BitLocker mahali pa ntfs, diski imefungwa. Hapo tumia kidirisha cha faili: bofya diski, na ikiomba nywila andika zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake. Ikifunguka kwa njia hii inaweza kuandikika, kwa hiyo nakili kwa utulivu na usiburute kitu.

Kabla ya kunakili, sikiliza. Diski inayogonga tik-tik-tik au kukwaruza inakufa, na shida yako si kirusi peke yake. Anza na faili usizoweza kuishi bila hizo. Kama sauti inazidi, zima umpelekee fundi wa kurejesha data.

Umefaulu ikiwa: ndani ya /mnt/windows unaona folda za Users, Windows na Program Files.

## Hatua ya 6: Nakili kilicho chako, acha programu

Sasa chomeka diski ya nje. Tengeneza ndani yake folda iitwayo OKOA.

Fungua /mnt/windows/Users (au Users ndani ya diski uliyoifungua kwa ufunguo wa BitLocker), kisha folda yenye jina lako. Chukua Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos. Hayo ndiyo yanayokumbukwa na kila mtu. Yafuatayo husahaulika, na ndiyo yanayoliliwa baada ya kufomati:

Folda za watu wengine waliotumia kompyuta hiyo, ambazo ziko pembeni ya yako ndani ya Users. Sehemu ya pili ya diski, ile D:, ambayo hufunguliwa kwa amri zile zile ukibadilisha jina la sehemu na la folda. Folda zilizotengenezwa juu kabisa kwenye C:, ambako programu za hesabu za biashara hupenda kuweka data zake. Barua pepe za Outlook, zenye mwisho wa .pst, ambazo hukaa Documents ndani ya Outlook Files. Alamisho za Chrome, ambazo ni faili ndogo inayoitwa Bookmarks ndani ya AppData/Local/Google/Chrome/User Data/Default. Usichukue folda nzima ya Chrome. Chukua faili hiyo moja.

Folda ya OneDrive inahitaji jicho la pili. Baadhi ya faili huonekana kwa jina tu huku zenyewe zikiwa mtandaoni. Zisipofunguka kwenye Linux usihamaki, zipakue baadaye kutoka kwenye akaunti yako.

Nakili kwa Ctrl+C na Ctrl+V. Usitumie Ctrl+X, wala usiburute.

### Faili ambazo hazitakiwi kuhama

Kirusi husafiri ndani ya kitu kinachoweza kuendeshwa. Hivyo acha faili zote zenye mwisho wa .exe, .msi, .bat, .cmd, .scr, .pif, .vbs, .js, .hta na .lnk, pamoja na autorun.inf. Programu utazipakua upya kutoka kwa waliozitengeneza, hata ile uliyoihangaikia.

Tazama jina lote mpaka mwisho. Faili iitwayo picha.jpg.exe si picha. Windows huficha kiendelezi cha mwisho kwa kawaida, ndiyo maana hila hii inaishi. Linux inakuonyesha jina zima.

Nyaraka za Word na Excel zenye mwisho wa .docm na .xlsm zinaweza kubeba makro, yaani programu ndogo ndani ya waraka. Kama ni zako na unazihitaji, ziweke kwenye folda ya peke yake iitwayo SHAKA.

Huwezi kupitia maelfu ya faili kwa macho. Baada ya kunakili, bofya kulia ndani ya folda ya OKOA, chagua Open in Terminal, uandike:

find . -type f \( -iname '*.exe' -o -iname '*.scr' -o -iname '*.bat' -o -iname '*.cmd' -o -iname '*.pif' -o -iname '*.vbs' -o -iname '*.js' -o -iname '*.hta' -o -iname '*.msi' -o -iname '*.lnk' -o -iname 'autorun.inf' \)

Amri hii inaorodhesha tu. Isome orodha yote. Ukiridhika kwamba hakuna kilicho chako, irudie ukiongeza neno -delete mwishoni kabisa, baada ya mabano. Hakikisha Terminali iko ndani ya OKOA.

### Ikiwa folda zimegeuka kuwa shotikati

Kuna virusi vinavyoenezwa kwa flashi ambavyo huficha folda zako na kuweka mahali pake shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya shotikati, folda inafunguka kweli, ila kirusi nacho kimeendeshwa. Watu huamini faili zimefutwa, wakafomati flashi iliyojaa.

Faili hizo zipo. Zimewekewa alama ya kufichwa ambayo Windows huitii na Linux huipuuza, kwa hiyo utaziona wazi. Wakati mwingine zote zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina, kwa kuwa jina lake ni nafasi tupu. Ingia humo, nakili kilicho chako, acha kila .lnk. Zile flashi zako za zamani zifungue hivi hivi, kwenye Linux, moja moja.

### Ikiwa faili zimefungwa na kirusi cha kudai fidia

Dalili ni hizi: kila faili imeongezewa kiendelezi cha ajabu mwishoni, haifunguki, na kila folda ina waraka wa kudai malipo.

Nakili faili hizo jinsi zilivyo. Usibadilishe majina wala kuondoa kiendelezi, kwa sababu hakuna kitakachofunguka kwa kufanya hivyo na utapoteza alama ya kutambulia kirusi. Nakili na ule waraka wa madai, maana una namba ya utambulisho inayohitajika baadaye.

Kisha, kwenye kompyuta safi, tembelea nomoreransom.org. Ni mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na Intel Security. Unapeleka faili mbili ndogo zilizofungwa pamoja na waraka wa madai, tovuti inatambua aina ya kirusi na kukuambia kama kuna programu ya bure ya kufungulia. Chagua faili zisizo na siri.

Kwa baadhi ya aina jibu ni ndiyo, kwa nyingine ni hapana. Kirusi cha STOP Djvu, kilichowapata watu wengi waliopakua programu za wizi, kina hali mbili. Kilipofanya kazi bila kufikia seva yake kilitumia ufunguo wa pamoja, na namba ya utambulisho huishia na t1. Hizo zina tumaini la kufunguka. Kilipofikia seva kilitengeneza ufunguo wa kila mtu peke yake, na huo hauna dawa ya bure.

Ukijibiwa hapana, tunza faili. Imeshatokea zaidi ya mara moja polisi kukamata seva za wahalifu na funguo zikatolewa baada ya muda mrefu. Kulipa sikushauri. Unampa pesa mtu asiyelazimika kukujibu, na wapo waliolipa wasipate kitu.

Jihadhari pia na programu za kufungulia zinazotangazwa ovyo. Mwaka 2020 kiligunduliwa kirusi kiitwacho Zorab kilichojifanya dawa ya STOP Djvu. Mtu aliyekwisha fungiwa faili alikiendesha kwa matumaini, nacho kikazifunga mara ya pili.

Umefaulu ikiwa: kila folda uliyoitaka iko ndani ya OKOA, na kunakili kumeisha bila ujumbe wa kosa. Kama makosa yametokea, andika majina ya faili hizo.

## Hatua ya 7: Hakiki kabla hujazima

Bofya kulia folda ya asili, chagua Properties, uangalie idadi ya faili na ukubwa. Fanya hivyo hivyo kwa nakala. Tofauti ndogo itatokana na ulivyoviacha. Tofauti kubwa ina maana kunakili kuliishia njiani.

Idadi haitoshi. Fungua faili zenyewe: picha za miaka tofauti, PDF, nyaraka za Word kwa LibreOffice (programu ya nyaraka iliyomo kwenye Mint), video moja hadi mwisho wake. Unaweza kuzifungua hapa hapa kwenye Mint. Virusi vya Windows haviendeshwi humu, na flashi ikichomolewa hakuna kinachobaki.

Toa diski ya nje kwa Eject na usubiri ikuruhusu. Linux huweza kuonyesha kwamba imemaliza wakati data nyingine bado iko kwenye kumbukumbu, na ukiichomoa ghafla faili za mwisho zitakuwa pungufu.

## Hatua ya 8: Kagua nakala kwenye kompyuta safi

Sasisha antivirusi ya kompyuta safi kabla ya kuchomeka diski. Kwa Windows, Microsoft Defender inatosha kwa mzunguko wa kwanza. Chomeka, usifungue faili yoyote, bofya kulia folda ya OKOA na uchague kuikagua. Ukimaliza, kagua tena kwa antivirusi ya kampuni nyingine. Kila moja hukosa kitu ambacho mwenzake hukiona.

Antivirusi ikiikamata faili, usiikubalie ifute papo hapo. Soma jina. Ikiwa ni programu, iende. Ikiwa ni waraka wako, rudi nao kwenye Linux, uufungue kwa LibreOffice makro zikiwa zimezimwa, uuhifadhi upya kama PDF au .docx.

Wengi hupeleka faili VirusTotal ili zikaguliwe na antivirusi nyingi kwa pamoja. Ni huduma nzuri kwa programu. Usipeleke huko kitambulisho, taarifa za benki wala vyeti, kwa sababu faili zinazopelekwa huweza kuonwa na wateja wake.

Umefaulu ikiwa: kaguzi mbili zimepita bila kukamata kitu, na umetengeneza nakala ya pili mahali pengine. Kabla ya nakala ya pili kuwepo, hatua inayofuata isianze.

## Hatua ya 9: Futa diski, weka Windows upya

Kusafisha kirusi na kuendelea kuitumia Windows ile ile sikushauri. Antivirusi hukuonyesha ilichokipata. Kilichojificha haikuonyeshi.

Kwenye kompyuta safi, tumia Media Creation Tool ya Microsoft kutengeneza flashi ya Windows. Wakati wa kusakinisha, ukifika kwenye orodha ya sehemu za diski, futa sehemu zote za diski kuu zibaki nafasi tupu, kisha endelea. D: nayo itaondoka, kwa hiyo uwe umeshaichukua. Diski ya nje isiwe imechomekwa.

Kama leseni yako imeunganishwa na kompyuta yenyewe, Windows itaitambua ukiunganisha intaneti. Ukiwa bado na Windows 10, kumbuka kwamba Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Weka 11 ikiwa mashine inaikubali, na isipokubali, Linux Mint uliyoishika leo ni chaguo la kweli.

Sasisha Windows yote, washa kuonyesha viendelezi vya majina ya faili, kisha ndipo urudishe faili zako. Folda ya SHAKA iwe ya mwisho.

## Ukikwama

Diski ya Windows haionekani kwenye orodha kabisa. Ingia BIOS utazame hali ya SATA (namna kompyuta inavyowasiliana na diski). Ikiwa ni RAID au RST, ibadilishe iwe AHCI, uwashe Linux tena. Windows inaweza kugoma kuwaka katika hali hiyo, nawe huihitaji iwake.

Kunakili kunasimama kwenye faili moja kila mara. Diski ina eneo bovu. Ruka faili hiyo, chukua nyingine zote, uirudie mwisho.

Faili zilifutwa na antivirusi au na wewe kabla hujasoma hapa. Programu ya PhotoRec huchimba faili zilizofutwa, mradi uandike matokeo kwenye diski nyingine. Kwa diski za kizamani zinazozunguka, tumaini ni kubwa. Kwa SSD ni dogo, kwa sababu huisafisha nafasi iliyoachwa muda mfupi baada ya kufuta.

Kompyuta haiwaki kabisa. Fundi anaweza kutoa diski na kuiunganisha kwa adapta ya USB. Mwambie aifungue kwenye Linux, na faili zifuate hatua ya 6 na kuendelea kama kawaida.